John Scopes: Mwalimu aliyetiwa hatiani kwa somo asilokumbuka kulifundisha

NILIPOKUWA kidato cha nne, mwalimu wetu wa baiolojia aliingia darasani siku moja na daftari lake kuukuu, akaandika ubaoni kichwa cha mada mpya, mageuko ya viumbe, kisha akatugeukia na kutuambia kuwa hiyo ni mada ya mtihani tu. Tunakili, tukariri, mtihani ukiisha tusahau. Mwenzetu mmoja aliyekaa nyuma akauliza kama basi babu yake mwalimu alikuwa nyani. Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka, tukanakili kurasa tatu za Kiingereza ambacho wengi wetu tulikuwa tunakisoma kwa kubahatisha, kengele ikalia. Mada ikaisha hapo. Kwenye mtihani swali lake lilikuja na nikalijibu vizuri tu. Nilichokuwa nakijua ni sifuri.

Kipindi kile kilinirudia akilini miaka mingi baadaye nilipokuwa nasoma maisha ya John Thomas Scopes, mwalimu wa Kimarekani ambaye kesi yake ya mwaka 1925 ilitangazwa dunia nzima na kupewa jina la kesi ya nyani. Wengi wamelisikia jina lake. Wanaompenda humwita shujaa wa sayansi, wanaomchukia humwita adui wa dini. Ndugu msomaji, ukifuatilia maisha yake utakuta hakuwa hili wala lile. Alikuwa kijana aliyeombwa kusimama mahali fulani, akasimama.

Scopes alizaliwa tarehe 3 Agosti 1900 katika mji wa Paducah, jimbo la Kentucky. Familia ilihamia Illinois, na masomo ya sekondari aliyamalizia mji wa Salem. Salem ndiko alikozaliwa William Jennings Bryan, mwanasiasa aliyegombea urais wa Marekani mara tatu, 1896, 1900 na 1908, akashindwa zote tatu, na akawa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1913 hadi 1915. Mwaka 1919 Scopes na wenzake walipohitimu, mgeni rasmi aliyekuja kuwahutubia alikuwa Bryan huyo huyo. Miaka sita baadaye walikutana tena, safari hii mmoja akiwa mshitakiwa na mwingine upande wa mashitaka.

Mwaka 1924 alihitimu Chuo Kikuu cha Kentucky. Somo lake kuu lilikuwa sheria, na jiolojia kidogo pembeni. Akapata kazi katika mji mdogo wa Dayton, jimbo la Tennessee, wenye watu wasiofika elfu mbili. Aliajiriwa kufundisha mpira wa miguu wa Kimarekani pamoja na hesabu, fizikia na kemia. Baiolojia haikuwa somo lake. Mwalimu wa baiolojia alikuwa mkuu wa shule mwenyewe, na ni pale mkuu huyo alipougua, mwaka wa masomo ukielekea ukingoni, ndipo Scopes akashika darasa lile kwa muda mfupi ili awasaidie wanafunzi kupitia masomo yao kabla ya mtihani. Hilo tuliweke akilini.

Wakati huo Bunge la Tennessee lilikuwa limepitisha sheria iliyopewa jina la aliyeipeleka bungeni, mkulima John Butler. Ilimkataza mwalimu yeyote wa shule ya umma kufundisha kuwa mwanadamu ametokana na wanyama wa daraja la chini, na adhabu ilikuwa faini ya dola 100 hadi 500. Katika baraza la wawakilishi ilipita kwa kura 71 dhidi ya 5. Bwana Butler alikuja kusema mwenyewe kuwa alipoandika muswada ule hakuwa anajua mambo mengi kuhusu nadharia hiyo. Alikuwa amesoma magazetini kwamba watoto wanarudi nyumbani na kuwaambia baba zao kuwa Biblia ni upuuzi. Gavana Austin Peay alitia saini mwezi Machi 1925 huku akieleza kuwa haoni kitu cha maana katika vitabu vya shule kinachogongana na sheria hiyo.

Hapo ndipo panapochekesha, kama si kuliza. Kitabu cha baiolojia kilichoidhinishwa na jimbo lile lile kwa ajili ya shule zake kilikuwa kile cha George William Hunter kilichotoka mwaka 1914, na ndani yake nadharia ya mageuko imo, na mchoro wake umo. Maana yake ni kwamba serikali ilimwagiza mwalimu atumie kitabu, kisha ikatunga sheria ya kumtoza faini akikitumia. Waliopiga kura hawakukifungua. Gavana, kwa dalili zote, hakukifungua.

Taasisi moja ya kutetea haki za raia iliyokuwa na makao yake New York ilitangaza magazetini kuwa inatafuta mwalimu aliye tayari kuijaribu sheria hiyo mahakamani, na kwamba itasimamia gharama. Mhandisi mmoja wa Dayton aitwaye George Rappleyea aliliona tangazo hilo. Uchumi wa mji ulikuwa umedorora, na yeye na wenzake wakapiga hesabu kuwa kesi kubwa italeta waandishi, wageni na fedha. Tarehe 5 Mei 1925 wakakutana katika duka la dawa la Bwana Robinson, aliyekuwa pia mwenyekiti wa bodi ya shule. Maduka ya dawa ya Marekani siku zile yaliuza na soda, na hili liliuza hata vitabu vya shule. Wakamtuma mtoto kwenda kumwita Scopes uwanjani alikokuwa anacheza tenisi. Akaja na jasho lake, akaketi, wakamuuliza kama mtu anaweza kufundisha baiolojia bila kugusa mageuko. Akajibu kuwa haiwezekani, akachukua kitabu cha Hunter rafuni humo humo dukani na kuwaonyesha. Wakamuuliza kama yuko tayari kushitakiwa. Akakubali. Kisha, kwa maelezo yake mwenyewe, akarudi kucheza tenisi.

Je, aliwahi kulifundisha somo lenyewe? Katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1967 Scopes alieleza kuwa hakuwa na hakika, na kwamba wakati wa kesi alimnong'oneza mwandishi mmoja wa habari kuwa sura ile aliiruka. Wanafunzi walioitwa kutoa ushahidi walikuwa wamefundishwa na yeye mwenyewe, ndani ya gari, nini cha kusema! Wavulana wawili walipanda kizimbani wakaeleza kuwa waliambiwa dunia ilikuwa tonge la moto, uhai ukaanza baharini kwa kiumbe cha seli moja, na ukaendelea hadi kufika kwa mwanadamu. Mshitakiwa hakupanda kizimbani kabisa, na mawakili wake walikuwa na sababu ya kuomba iwe hivyo. Angeulizwa alifundisha nini, na jibu la kweli lingevunja kesi.

Kesi ilianza tarehe 10 Julai 1925 mbele ya Jaji John Raulston. Mji ule ulijaa wahubiri, wachuuzi, waandishi wa habari zaidi ya mia moja, na sokwe mmoja aliyevalishwa suti kwa ajili ya maonyesho. Redio ya Chicago ilirusha kesi moja kwa moja, jambo ambalo halikuwahi kufanyika Marekani kabla ya hapo. Upande wa mashitaka alikuja Bryan. Upande wa utetezi alikuja Clarence Darrow, wakili mashuhuri asiyeamini dini. Kuanzia hapo Scopes akawa mtazamaji wa kesi yake mwenyewe.

Sasa tujiulize. Katika siku zote zile, ni nani aliyesimama kueleza nadharia yenyewe inasema nini? Utetezi ulileta wataalamu wa wanyama, mimea na miamba kutoka vyuo vikubwa. Jaji akaamua ushahidi wao hauhusiki, kwani swali mbele ya mahakama lilikuwa kama mwalimu amevunja sheria au la. Mmoja tu, mtaalamu wa wanyama Maynard Metcalf, alisikilizwa akiwa kizimbani, na hata yeye alizungumza wakati raia 12 waliopewa jukumu la kuamua kesi wametolewa nje. Maelezo ya waliobaki yaliingizwa katika kumbukumbu za mahakama kwa maandishi. Hivyo wale 12 walitoa uamuzi juu ya somo ambalo hawakuelezwa.

Kilichobaki kwenye historia ni mchana wa tarehe 20 Julai, pale mahakama ilipohamishiwa nje uwanjani na Darrow akamweka Bryan kizimbani kama mjuzi wa Biblia. Alimuuliza habari za Yona na samaki, habari za jua kusimamishwa, umri wa dunia, na mke wa Kaini alitoka wapi. Bryan aliyumba, na akakubali kuwa siku za uumbaji huenda hazikuwa za saa 24. Watu walishangilia kama wako mpirani. Kesho yake jaji aliufuta ushahidi huo wote. Darrow mwenyewe akaomba mteja wake akutwe na hatia ili wakate rufaa, jambo lililomnyima Bryan nafasi ya kutoa hotuba ndefu ya mwisho aliyokuwa ameiandaa. Uamuzi ulichukua dakika tisa. Faini dola 100. Scopes aliruhusiwa kusema maneno machache, akasema ameadhibiwa kwa sheria isiyo ya haki na ataendelea kuipinga. Siku tano baadaye, Jumapili tarehe 26 Julai, Bryan alilala usingizi wa mchana hapo hapo Dayton na hakuamka.

Nisimalize habari za Bryan bila kumtendea haki. Magazeti ya mijini yalimchora kama mshamba. Lakini mzee yule alikuwa na hofu ambayo haikuwa ya kijinga. Aliona vita kuu ya 1914 hadi 1918, akaamini kuwa kuna wasomi waliochukua nadharia ya mageuko wakaigeuza kuwa falsafa ya mwenye nguvu kummeza dhaifu. Hotuba ile aliyonyimwa nafasi ya kuitoa ilipinga pia mpango wa kuzalisha wanadamu kwa kuchagua, kama mifugo.

Na hapa turudi kwenye kitabu cha Hunter, maana ndicho kilichokuwa mikononi mwa watoto. Ndani ya kurasa zile zinazogombaniwa, baada ya kueleza mageuko, mwandishi anawapanga wanadamu katika makundi matano ya rangi. Analitaja la watu weusi wa Afrika, la Wamalai, la Wahindi Wekundu, la Wamongolia, na anamalizia na watu weupe wa Ulaya na Amerika, ambao anawaita wa daraja la juu kuliko wote. Mbele zaidi anazungumzia familia za mafukara, walevi na wenye upungufu wa akili, anawafananisha na vimelea, anasema wangekuwa wanyama pengine wangeuawa wasienee, na kwa kuwa haiwezekani, anapendekeza wanaume wao watengwe na wanawake wao wasizaliane. Haya ndiyo yaliyoitwa sayansi mwaka 1914. Mtoto wa miaka 14 aliyasoma pamoja na usagaji wa chakula na mzunguko wa damu, na kwenye mtihani aliyatoa kama ukweli.

Hapana hata mmoja Dayton aliyesimama kuupinga ukurasa ule. Darrow, mtetezi wa wanyonge, aliyekuja kuandika makala kali dhidi ya mpango huo wa kuzalisha watu kwa kuchagua, pale mahakamani hakuugusa. Bryan alilalamika kuwa kwenye mchoro wa Hunter mwanadamu amefungiwa duara moja na wanyama wengine wapatao 3,500 wanaonyonyesha. Hilo la duara lilimuuma. La mtu mweusi kuwekwa chini halikumuuma, na haishangazi, kwani mwaka mmoja kabla, katika mkutano mkuu wa chama chake, alipinga azimio la kulilaani kundi la Ku Klux Klan kwa jina. Shule yenyewe ya Dayton ilikuwa ya weupe peke yao, kama sheria za Tennessee zilivyotaka. Nadharia ya mageuko haimpangi mtu yeyote juu wala chini kwa rangi yake. Elimu ya leo ya chembe za urithi imeonyesha kuwa binadamu wote ni ndugu wa karibu mno, na asili yao ni Afrika. Kwa hiyo ukurasa ule ulikuwa batili kwa dini na batili kwa sayansi. Mwalimu aliyeielewa sayansi angeweza kuwaambia watoto hivyo. Scopes, msomi wa sheria aliyekuwa anashikilia darasa la mwenzake, hakuwa mwalimu huyo, na sidhani ni haki kumlaumu.

Baada ya kesi bodi ya shule ilikuwa tayari kumrudisha kazini endapo angeifuata sheria. Akakataa. Wanasayansi wakamchangia ada, akaenda Chuo Kikuu cha Chicago kusoma jiolojia. Mwezi Januari 1927 Mahakama Kuu ya Tennessee ilifuta hukumu yake, lakini kwa sababu ambayo haikumfurahisha mtu: katiba ya jimbo inataka faini inayozidi dola 50 ipangwe na wale raia 12, na kwa Scopes ilipangwa na jaji. Sheria ya Butler ikabaki pale pale. Alipotafuta ufadhili wa kuendelea na shahada ya juu, mkuu wa chuo kimoja alimwandikia kuwa apeleke ukafiri wake kwingine. Dada yake naye, mwalimu wa hesabu, alikosa kazi Paducah kwa kukataa kumkana kaka yake. Scopes akaenda Venezuela kutafuta mafuta, akaoa huko, na ili aoe akabatizwa Mkatoliki. Mwaka 1932 aligombea ubunge Kentucky kwa tiketi ya chama cha kijamaa, akashindwa. Maisha yake yote yaliyobaki alikuwa mtaalamu wa miamba katika kampuni za mafuta na gesi, Texas na kisha Shreveport, Louisiana. Darasani hakurudi.

Na madarasa yenyewe je? Wengi hudhani baada ya Dayton sayansi ilishinda, kwa kuwa Bryan alichekwa. La hasha. Wachapishaji wa vitabu ni wafanyabiashara. Waliona Mississippi imepitisha sheria kama ile mwaka 1926 na Arkansas mwaka 1928, wakapima soko, wakafyeka. Toleo jipya la kitabu cha Hunter la 1926 liliondoa somo la mageuko. Katika vitabu vingi vilivyofuata neno lenyewe lilitoweka au likasukumwa sura ya mwisho, ile ambayo mwalimu haifikii kabla ya likizo. Kizazi kizima cha Wamarekani kilisoma baiolojia isiyo na uti wa mgongo. Kilichowazindua hakikuwa mahakama. Ni Oktoba 1957 Warusi waliporusha Sputnik, ndipo Washington ikaona kuwa shule zake zimelala, ikatoa fedha wataalamu waandike vitabu vipya, na mageuko yakarudi mashuleni miaka ya 1960.

Hata hivyo kitabu kizuri hakimfundishi mwalimu. Watafiti wawili, Berkman na Plutzer, waliwahoji walimu wa baiolojia wa sekondari za umma nchi nzima mwaka 2007 na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Takriban asilimia 28 walikuwa wanafundisha mada hii kama wanasayansi wanavyotaka. Asilimia 13 waliipinga waziwazi darasani. Waliobaki, karibu asilimia 60, walikuwa katikati, wanaipitia juu juu, wanawaambia watoto ni ya mtihani tu, wanaogopa wazazi, na wengi hawakuwa na uhakika nayo wao wenyewe kwa sababu hawakuisoma vya kutosha chuoni. Niliposoma hapo nilimwona mwalimu wangu na daftari lake. Uchunguzi mwingine wa 2019 ulikuta hali imepata nafuu: walioieleza kama elimu iliyothibitika, bila kuchanganya, walifika theluthi mbili, kutoka karibu nusu mwaka 2007. Mafunzo ya walimu na mitaala iliyo wazi zaidi ndivyo vilivyotajwa kuwa sababu.

Kuna msomaji atakayeniuliza, sisi Waislamu linatuhusu nini? Tuna itikadi yetu juu ya kuumbwa kwa Adam (a.s.) na hatuombi ruhusa ya mtu. Ni kweli. Lakini Sheikh Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Sham, mwalimu wa Rashid Rida, alikabili nadharia hii tangu karne ya 19. Katika Risala yake ya mwaka 1888 aliona haijathibitika, na akaeleza pia kwamba ikithibitika kwa dalili za kukata, aya zinaweza kufasiriwa bila kumwondoa Muumba. Unaweza usikubaliane naye. Angalau alijua anachokijadili. Sisi darasa letu lilijua nyani tu, na hata hilo tulikosea, maana hakuna mwanasayansi anayesema babu wa mtu ni nyani huyu wa leo. Wanachosema ni kuwa mtu na nyani wana asili moja ya zamani sana. Klorokwini ilipoacha kutibu malaria, Tanzania ikaiacha mwaka 2001, na miaka michache baadaye ikaingia dawa mseto. Wangapi wetu tulielezwa kuwa vimelea vilivyohimili dawa ndivyo vilivyobaki na kuzaana, na kwamba hiyo ndiyo mada ile ile tuliyoambiwa tuisahau?

Sheria ya Butler ilifutwa Mei 1967, na mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha ile ya Arkansas. Scopes aliyaona yote mawili. Alikuwa amerudi Dayton mara moja, Julai 1960, alipoalikwa kwenye uzinduzi wa filamu iliyotokana na kesi yake, filamu iliyobadilisha majina na mambo mengi. Wakamkabidhi ufunguo wa mji. Alifariki Shreveport tarehe 21 Oktoba 1970, akazikwa Paducah, mji ule ule uliomnyima dada yake darasa.